Nimeacha unga, sasa wanataka niwe kaunsela. Kupitia kunatosha?

Kijana_wa_Maweni

Salaam aleikum wakubwa na wadogo.

Mimi ni mkaazi wa Malindi, upande wa Maweni. Nilitumia unga, yaani heroini, miaka mingi, nikaanza kwa kuvuta nikaishia kwenye sindano. Siku hizi nakunywa methadoni, dawa ya kutuliza kiu ya unga, pale hospitali kila asubuhi na maisha yamerudi: nina mke, nina mtoto, nina bodaboda ya mkopo. Kwa muda sasa nafanya kazi ya uelimishaji rika na kituo kimoja hapa mjini, jina naliweka. Napita maskani, nagawa sindano safi, nawapeleka vijana kupimwa ukimwi na homa ya ini, nakaa nao wakitaka kuongea. Hiyo kazi naiweza. Wananijua na nawajua.

Kaunsela wetu amepata kazi Mombasa akaondoka. Mkubwa wa kituo akaniita, akaniambia, "Chumba kile ni chako sasa. Wewe umepitia, hakuna wa kukufunza." Kaahidi kuongeza posho. Mke kafurahi, mama kafurahi, asiyelala ni mimi.

Maana mtu wa kwanza kuletwa si kijana wa unga. Ni mzee wa Kakuyuni, mnywaji wa mnazi tangu ujana wake, na siku hizi mnazi usipotosha anamalizia na chang'aa. Mkewe kamleta kwa matatu leo asubuhi, kaapa hatampokea tena nyumbani akinuka pombe. Mzee hajagusa kitu tangu jana asubuhi. Mikono inamtetemeka hata kikombe cha chai hakishiki, jasho linamtoka, usiku hakulala. Mwenzangu wa hapa anasema, "Arosto tu hiyo, siku tatu atakuwa sawa. Tumfungie chumbani anywe maji." Arosto, yale mateso ya mwili uliokatiwa kilevi, mimi naijua, imenila. Lakini macho ya huyu mzee sikuyapenda.

Basi nauliza wanaojua: kaunsela wa pombe na dawa za kulevya anatakiwa ajue nini hasa? Na kama ni makaratasi, ni yapi, na mtu aliyeishia darasa la 8 anaanzia wapi?

Dereva_wa_Ngala

Kaka, kubali kazi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hao wa digrii tumewaona, anakuja na kompyuta yake, anamuuliza kijana wa kona "unajisikiaje leo", kijana anamtazama tu. Mdogo wangu alizungushwa kwa wasomi mpaka tukauza mbuzi. Aliyemtoa ni jamaa aliyekuwa akivuta naye, hana hata cheti cha shule. Makaratasi yatakuja yenyewe.

Bi_Nesi_Shela

Waaleikum salaam, mwanangu. Kabla ya lolote: huyo mzee yuko wapi saa hii? Kama bado yuko hapo kituoni, weka simu chini, mtie kwenye tuktuk na mkewe, mpeleke dharura, hospitali kuu ya Malindi. Ukifika mwambie daktari hivi: mnywaji wa kila siku, alikunywa mara ya mwisho jana asubuhi, anatetemeka, hajalala. Saa ya kinywaji cha mwisho ndiyo habari kubwa kuliko zote utakazompa. Endelea kusoma ukirudi.

Umerudi? Haya.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilikuwapo Malindi kliniki ya methadoni ilipofunguliwa 2015, na kabla ya hapo nilishawaona vijana wetu wakiletwa wodini na majipu ya sindano. Baadaye nikasomea ushauri nasaha, na hadi leo nawasimamia makaunsela wachanga. Kwa hiyo nitasema kwa urefu, mnivumilie.

Arosto ya unga huanza mapema, saa nane au kumi hivi baada ya kete ya mwisho, au siku ya pili yake. Siku ya pili na ya tatu ndiyo kali, kisha inashuka. Tumbo linakatika, mafua, mifupa inauma, mtu anaona anakufa. Wewe umeipita, kwa hiyo unajua kwamba mwenye afya kwa kawaida hafi nayo. Hatari ya unga iko mbele: akishakaa siku kadhaa bila kutumia, mwili unasahau kipimo cha zamani, akirudi maskani akapiga kipimo kilekile pumzi inakatika. Ndiyo maana anayetoka jela au kituoni ndiye wa kumwonya zaidi, na waliomzunguka wawe wanajua naloksoni, dawa ya kumrudishia pumzi aliyezidisha unga, inapatikana wapi.

Pombe haiendi hivyo. Kwa mnywaji wa kila siku wa miaka, kutetemeka huanza saa chache tu baada ya chupa ya mwisho. Kifafa kinaweza kuja kati ya saa 6 na saa 48. Halafu, siku ya pili hadi ya nne, wengine wanaingia kwenye hali ya kuchanganyikiwa, joto linapanda, moyo unakimbia, anaona wadudu na watu wasiokuwepo. Huku kwetu hapo ndipo jirani anasema mzee kapandwa na majini, anaitwa mganga, na mgonjwa anafia uani huku ubani ukifukizwa. Hali hiyo inaua, na inatibika. Daktari ana dawa za kuutuliza mwili, diazepamu na jamaa zake, na anatoa vitamini B1 kabla ya kutundika dripu ya glukosi, maana glukosi ikitangulia kwa mnywaji aliyedhoofika ubongo unaweza kuumia. Hakuna hata moja katika hizo iliyo kazi ya kaunsela. Kazi ya kaunsela ni kumtambua mgonjwa wa namna hii akiwa bado mlangoni.

Vidonge vya usingizi pia ni vivyo hivyo: aliyezoea bugizi kila siku akikatiwa ghafla anaweza kuanguka kifafa. Na ukimpata anayekunywa methadoni akachanganya na pombe au vidonge hivyo, kliniki ijue siku hiyohiyo, kwa sababu vyote vinavuta pumzi chini.

Sasa nije kwa Dereva wa Ngala, ambaye nina hakika namjua kwa uandishi wake. Mwanangu, kunguni umewataja vizuri. Lakini kijana wa Maweni kalala kitanda cha unga. Huyu mzee wa Kakuyuni kalala kitanda kingine, na kesho ataletwa mama aliyezoea vidonge, keshokutwa mwanafunzi anayetafuna muguka. Alichopitia yeye kitamfungulia mlango wa kona. Ndani ya chumba hakimwambii lipi ni la kuzungumza na lipi ni la ambulensi.

Wanaofundisha kazi hii tangu zamani wameigawa mafungu 12: kumpima mtu kwa haraka, kumsajili, kumweleza taratibu na haki zake, kumtathmini kwa kina, kupanga naye matibabu, kumshauri, kufuatilia mambo yake yote pamoja, kushika dharura, kumwelimisha, kumpeleka kwa wengine, kuandika kumbukumbu, na kuuliza wenzako. Hesabu mwenyewe. Kushauri, kule kukaa na kuongea ambako watu wanadhani ndiyo kazi nzima, ni moja. Marekani wao waliichambua zaidi, mwongozo wao wa 2006 una stadi 123, na sina nia ya kukutajia zote hapa.

Katika hizo 12, nakuona una mbili tatu mkononi tayari. Elimu unatoa maskani kila siku. Kumpeleka mtu kupimwa ni rufaa. Dharura umeiona kwa macho, ndiyo maana macho ya mzee hukuyapenda, na hilo si dogo. Penye pengo ni tathmini na maandishi.

Nikitaka kumjua kaunsela naomba faili, simwombi ushuhuda wake. Ushuhuda ni habari zake yeye. Faili ni habari za mgonjwa. Nimefungua mafaili humu vituoni nikakuta sentensi moja: "Nimeongea na mteja, amekubali kuacha, Mungu amsaidie." Amina, lakini kesho kaunsela akiugua, anayekuja nyuma yake ataanzia wapi? Kwa mzee wako ningetaka kuona kitu kama hiki:

"Mwanamume, miaka 61. Mnazi kila siku, chupa 6 za nusu lita, na chang'aa jioni. Kinywaji cha mwisho jana saa 3 asubuhi. Leo saa 5: anatetemeka, jasho, hakulala. Mke anasema hajawahi kuanguka kifafa. Amepelekwa dharura, mke yuko naye. Kesho saa 4 nitafuatilia wodini."

Sentensi saba fupi, umri na chupa nimevibuni mimi. Daktari akiisoma anajua la kufanya, na anayemtuma ameshafikiri. Huwezi kuandika saa ya kinywaji cha mwisho kama hukuuliza.

Kuuliza nako kuna ufundi wake. Ipo fomu ya Shirika la Afya Duniani inaitwa AUDIT, maswali 10, kila jibu alama 0 hadi 4. Ipo kwa Kiswahili. Kuanzia 8 kuna hatari, kuanzia 20 shuku utegemezi. Lakini fomu inauliza vipimo vya kinywaji, na kipimo kimoja ni gramu 10 za kileo. Mnazi wa asilimia 5, nusu lita moja, ni gramu 20 hivi, yaani vipimo viwili. Sasa mnazi wa asubuhi ukiwa mtamu si ule wa jioni, wala si uliolala, kwa sababu unaendelea kuchachuka ndani ya chupa. Kwa hiyo muulize anakunywa wa saa ngapi. Fomu haitakukumbusha hilo.

La kumfungia chumbani, hapana. Mtu anaingia kituoni kwa ridhaa yake, anaelezwa, anatia sahihi au dole, na mlango unafunguka. Mkubwa wako akibisha mwambie amekatazwa na bibi mmoja wa Shela.

Makaratasi sasa, kwa ufupi. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, na bodi yake ndiyo inayosajili. Kujiita kaunsela na kupokea wateja bila usajili ni kujitafutia kesi. NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, kwa sheria yake ya 2012, ndio wanaoangalia vituo. Kwa mambo ya uraibu wenyewe kuna mafunzo ya mtaala wa kimataifa wa matibabu uliotengenezwa na Colombo Plan, shirika la ushirikiano wa nchi za Asia na Pasifiki, ngazi ya msingi ina kozi 8, kuanzia jinsi dawa zinavyofanya kazi mwilini hadi maadili, na mwisho wake kuna mtihani wa cheti cha kimataifa kinachoitwa ICAP. Kwa darasa la 8, mlango wako wa kwanza ni kumaliza sekondari kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ni mrefu, sikudanganyi. Wakati unasoma, baki na cheo chako cha mwelimishaji rika. Ni kazi kamili, si msaidizi wa mtu. Na methadoni unayokunywa haikuondolei sifa yoyote. Ni dawa. Atakayekwambia uache kwanza ndipo uwashauri watu, mwambie aniletee mimi.

Mwamu_wa_Langoni

Bi Nesi umesema yote, naongeza la kwetu visiwani. Mimi ni kaunsela hapa Lamu. Malindi ni mji mkubwa, mtu wa Muyeye anaweza kupita Barani asijulikane. Hapa Amu, mji wetu wa Lamu, ukipita barabara ya ndani ya Mkomani umesalimiwa na ukoo mzima. Mteja wangu ni mtoto wa ami yangu, mkewe ni shoga wa dada yangu, na babake tunasali safu moja.

Kwa hiyo siri kwetu si kufunga kabati tu. Nilichojifunza kwa wakubwa wa kazi: siku ya kwanza kabisa namwambia mteja, "Tukikutana msikitini au jetini, sitakusemesha mambo ya humu ndani hata ukinianza wewe. Nisipokusalimu kwanza, usione nimekudharau." Wanafurahi sana kuambiwa hivyo. Na akija ndugu wa karibu namhamishia kwa mwenzangu, hata kama inabidi asubiri au apande boti. Huwezi kumshauri mtu na keshokutwa mko pamoja kwenye kikao cha urithi.

Shida kubwa ni mama zetu. Mama anakuja na kisahani cha viazi vya karai, anakaa, anauliza habari za watoto, halafu, "Mwanangu, yule anaendeleaje?" Kisahani napokea. Habari za yule hazitoki bila idhini yake, na idhini naiandika. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 pia, ila kwa mama ya viazi sheria haisaidii, inasaidia heshima. Namwambia, "Mama, mwulize mwenyewe, na ukitaka mje wawili nitawakalisha."

Dereva_wa_Ngala

Bi Nesi ni wewe? Shikamoo. Nimekaa kimya.

Kijana_wa_Maweni

Asanteni sana. Mzee amelazwa. Daktari swali lake la kwanza lilikuwa hilohilo, alikunywa lini. Usiku alianza kuongea na watu wasiokuwepo na kutaka kushuka kitandani, wauguzi walikuwa tayari wameanza dawa. Leo ametulia, anakula uji. Mkewe ananiita daktari, nimemkatalia.

Bi Nesi, wodini wanasema atatoka karibuni, na mkewe anataka aje kwetu. Nikishamwambia mkubwa sitaki cheo cha kaunsela bado, lakini nitakaa naye mpaka apatikane mtu, nianzie wapi? Yeye mwenyewe anasema hana tatizo, mnazi ni chakula. Na ameshaniuliza, "Wewe ulikuwa mlevi pia?"

Bi_Nesi_Shela

Alhamdulillahi. Marahaba, Dereva.

Anza na asichotegemea: usimwambie aache. Ameshaambiwa na mke, watoto, na mchungaji. Mwanasaikolojia mmoja Mmarekani, William Miller, aliandika 1983 kuhusu hili, baadaye akaliendeleza na Stephen Rollnick: ukimsukuma mnywaji kuacha, anajitetea, na kila akijitetea anajisikia mwenyewe akiusifu ulevi. Sababu za kuacha zitoke kinywani mwake.

Akisema mnazi ni chakula, usimbishie. Mwambie, "Kwenu mnazi ni wa kila siku, na wiki hii umeamkia hospitali." Kisha nyamaza. Najua kunyamaza kutakuwasha. Nyamaza tu. Pengine atasema, "Mama watoto amechoka." Wewe, "Amechoka na nini?" Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza, na yeye ndiye anayeyaongoza.

Usije ukasahau anatoka wapi. Mzee wa Kigiriama mnazi ni wa mahari, ni wa matanga, ni wa kupokea mgeni. Ukimwambia "usiguse tena" bila kuuliza atakaa vipi kwenye kikao cha posa ya mwanawe, umempangia mpango wa mtu wa Nairobi. Muulize shughuli inayofuata ni lini, nani atakaa karibu naye, atashika nini mkononi, atasema nini akimiminiwa. Majibu yake ndiyo mpango, uandike kwa maneno yake. Na mwambie wazi yeye na mkewe: akirudia kunywa kila siku, asije akakatisha ghafla peke yake nyumbani tena. Aje kwanza.

Swali la ulevi wako, jibu fupi na la kweli. "Si pombe, mzee. Ilikuwa unga, na ninatumia dawa hadi leo. Kwa nini umependa kujua?" Halafu sikiliza hilo la pili, kwa kuwa mara nyingi anachouliza ni kama utamdharau. Ukianza hadithi yako ya sindano, saa nzima itakuwa yako na yeye ndiye atakayekupa pole.

Usimkopeshe nauli kutoka mfukoni mwako, kituo kina fungu lake. Usikae naye chumbani baada ya watu kuondoka. Akikushinda, au akisema hataki kuishi, usingoje kesho: nipigie, au namba ya bure ya NACADA, 1192, au mrudishe wodini.

Na kwa mkubwa wako usiende na maneno matupu. Andika barua: unabaki mwelimishaji rika, unamshikilia mzee kwa muda chini ya msimamizi aliyesajiliwa (niandike mimi ikiwa hana mwingine, nakuja Jumanne na Alhamisi baada ya adhuhuri), na kituo kichangie ada ya mtihani wako wa sekondari. Toa nakala, aigonge muhuri wa kupokea, yako uiweke nyumbani.